Kitufe cha kupakua: YouTube, Netflix na Telegram kwenye mizani ya bando

Ukitaka kujua kama programu ya video imetengenezwa na watu wanaomjua mtumiaji wao, usianze na kasi yake ya kupakua. Kasi ni ya mtandao na ya mnara ulio karibu nawe. Angalia mambo mawili. La kwanza, je, inakuambia uzito wa video kabla haijagusa bando lako? La pili, inafanya nini mtandao ukikata faili likiwa limefika asilimia 80? Kwa mtu anayenunua GB moja ya siku, inayoisha muda wake hata kama hajaimaliza, mambo hayo mawili ndiyo yanayotenganisha programu inayomheshimu na ile inayokula hela yake.

Tathmini hii inahusu programu tatu ambazo karibu kila mwenye simu janja amezigusa: YouTube, Netflix na Telegram. Zaidi tunaziangalia kwenye Android, na iPhone tunaitaja palipo na tofauti. Hukumu yetu tuitoe mapema. Netflix ndiyo iliyofikiriwa vizuri kuliko zote. Telegram inafuata kwa jinsi inavyomwachia mtumiaji usukani, ila kwenye hifadhi ya simu inaumiza. YouTube, pamoja na ukubwa wake wote, iko nyuma ya kile ilichowahi kukifanya yenyewe.

Tuanze na uzito. Hesabu yake ni rahisi na inafaa kuishika kichwani: video iliyobanwa kwa megabiti 1 kwa sekunde inakula MB 450 kwa saa. Kipindi cha dakika 40 kwa kiwango hicho ni MB 300. Kipindi hichohicho kikibanwa kwa megabiti 2.5, kiwango cha kawaida kwa picha ya 720p, kinafika MB 750. Ukipakua vipindi vinne, tofauti ni GB 1.2 dhidi ya GB 3, na kwenye kioo cha inchi 6 wengi hawaoni tofauti ya picha inayolingana na hela hiyo. Programu inayomwambia mtu achague kati ya "ubora wa kawaida" na "ubora wa juu" bila kuweka namba pembeni inamtaka anunue bila kujua bei.

Google ililijua hilo vizuri. YouTube Go, programu nyepesi iliyoanzia India mwaka 2017 na kufika zaidi ya nchi 130 mwaka 2018, ilitoa jibu ambalo hadi leo halijapitwa. Ukigusa video haikucheza papo hapo. Ilikufungulia dirisha dogo lenye picha chache za yaliyomo ndani, ngazi za ubora, na kwenye kila ngazi idadi ya MB itakazokula. Unaamua kutazama au kupakua huku ukijua gharama. Ukishapakua, uliweza kumrushia mwenzako aliye karibu bila kutumia data. Agosti 2022 Google iliifunga, kwa maelezo kwamba YouTube kuu imeboreshwa kiasi cha kuwatosha watu walewale. Kwa upande wa kuvumilia mtandao dhaifu, sawa. Kwa upande wa kumpa mtumiaji habari kabla hajatumia bando, lile dirisha dogo lilistahili kuhamishwa lilivyo hadi programu kuu.

Kwenye YouTube ya sasa, kitufe cha kupakua kiko chini ya video, na ngazi unazopewa zinategemea nchi uliyopo na kama unalipia Premium. Asiyelipia, mahali panaporuhusiwa kupakua, hupewa ngazi za chini. Anayelipia hufika 1080p. Mtego uko kwenye kisanduku cha kukumbuka chaguo lako. Ukikiweka alama siku uliyopo kwenye Wi-Fi ya ofisini na umechagua ubora wa juu, siku ya bando programu haitauliza tena, itachukua ubora uleule. Ingia kwenye picha ya wasifu wako, fungua mipangilio, nenda sehemu ya vipakuliwa, rudisha ubora kwenye chaguo la kuulizwa kila mara, kisha washa swichi ya kupakua kwa Wi-Fi pekee. Hapohapo utakuta upakuaji wa kujiendesha, unaokuletea video ambazo programu inadhani utazipenda. Kwa simu ya GB 32, uzime.

Kuhusu ngazi yenyewe: mhadhara, mawaidha, mahojiano na taarifa ya habari vinatosha kabisa kwa 360p. Mpira unahitaji 720p, la sivyo hutauona unapopigwa kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine. Somo lenye maandishi ubaoni au mafunzo ya kompyuta nayo yanataka 720p. Ngazi ya 144p ni ya kusikiliza tu, maandishi hayasomeki.

Jambo ambalo YouTube hailiweki wazi vya kutosha ni uhai wa video iliyopakuliwa. Anayelipia lazima simu yake iguse mtandao angalau mara moja kila siku 30. Lakini katika baadhi ya nchi video nyingine zinatazamika nje ya mtandao kwa saa 48 tu, baada ya hapo zinajifunga hadi uunganishe tena. Faili lipo, nafasi limekula, ila halifunguki. Mtu anayekwenda kijijini kwa wiki mbili angestahili kuona tarehe ya mwisho imeandikwa chini ya kila video kwenye orodha. Kwa kuwa haipo wazi hivyo, kabla ya safari unganisha simu na mtandao, fungua orodha ya vipakuliwa ijisasishe, kisha weka hali ya ndegeni na ucheze sekunde chache za kila video unayoitegemea. Inayogoma itagoma ungali na mtandao wa kuirekebisha.

Netflix ilichelewa. Ilianza kuruhusu kupakua Novemba 30, 2016, na mwanzoni mwa 2017 ikaongeza uwezo wa kuhifadhi kwenye memori kadi kwa Android. Lakini tangu hapo kila hatua yake imelenga tatizo halisi la mtumiaji. Mwaka 2018 ilileta upakuaji wa kujiendesha kwa tamthilia: ukimaliza kipindi ulichopakua, programu inakifuta na kuvuta kinachofuata, kwa Wi-Fi tu. Mtu mwenye nafasi ya vipindi viwili anaweza kumaliza msimu mzima bila kufuta chochote kwa mkono. Mwaka 2021 ikaja huduma ya kukuchagulia filamu na kukupakulia. Hapo kuna kitu tunachokipenda sana: kabla ya kuiwasha unaipangia ukomo wa GB 1, 3 au 5 kwa kila wasifu. YouTube inaweza kujifunza hapo. Ukitaka kumchagulia mtu vitu, kwanza mwache aweke mpaka.

Mwaka huohuo Netflix ya Android ikapata uwezo wa kutazama video ambayo haijamaliza kushuka. Kipindi kikikwama asilimia 60, unatazama hiyo 60, na mtandao ukirudi kinaendelea. Kwa anayepakua kwenye basi, minara ikibadilika kila baada ya kilomita chache, hili linafaa kuliko kasi yoyote.

Netflix pia imefanya kazi kubwa kwenye ubanaji, ingawa mtumiaji haioni. Vipakuliwa vya mwanzo vilitumia mbinu ya ubanaji ya VP9 badala ya kutegemea tu mbinu ya zamani ya H.264, na Februari 2020 ikaanza kutumia mbinu mpya zaidi ya AV1 kwenye Android kwa wanaochagua kubana matumizi ya data. Kwa maelezo ya Netflix wenyewe, AV1 inabana zaidi ya VP9 kwa asilimia 20. Angalizo: simu ya bei nafuu isiyo na saketi maalumu ya kufungua AV1 hutumia kichakataji chake kikuu kufanya kazi hiyo, kwa hiyo betri huisha haraka na simu hupata joto.

Kabla hujachagua ubora wa juu, fungua mipangilio ya programu ya Netflix, ingia sehemu ya uchunguzi, kisha vigezo vya uchezaji. Tafuta mstari wa Widevine, mfumo unaolinda video zisinakiliwe. Ukiona L1, simu yako inaruhusiwa kucheza picha ya HD, mradi imo kwenye orodha ya simu zilizopitishwa. Mstari wa ubora wa juu kabisa wa uchezaji ulio hapohapo utakuambia. Ukiona L3, utaishia ubora wa kawaida hata kama kioo ni kizuri kiasi gani. Kwenye simu ya L3 hakuna sababu ya kuweka ubora wa juu. Simu nyingi za bei ya chini ziko L3, na muuzaji dukani hakuambii.

Udhaifu wa Netflix ni kwamba uzito wa kila kipindi unausoma ndani ya orodha ya vipakuliwa, si kwenye ukurasa wa tamthilia ulipogusa mshale. Unagundua gharama mzigo ukiwa njiani. Vilevile sheria zake za muda zimejificha. Baadhi ya filamu hujifunga saa 48 baada ya kubonyeza cheza kwa mara ya kwanza, hata kama uliishia dakika ya tano. Zilizobakiza chini ya siku 7 huonyesha muda uliobaki. Simu moja haibebi zaidi ya vipakuliwa 100, na baadhi ya vitu vina kikomo cha mara ngapi unaweza kuvipakua upya kwa mwaka. Kwa hiyo usibonyeze cheza ili tu kuonja; onja ukiwa na siku mbili za kuimaliza.

Sasa tuje kwenye mtandao unaokata, maana ufundi wa mtengenezaji unaonekana hapo. Kuna namna mbili za kuleta video. Ya kwanza ni faili moja zima, mara nyingi la MP4. Mtandao ukikata katikati, programu iliyoandikwa vizuri inarudi kwa seva na kuomba kuanzia baiti ilipoishia. Seva inayokubali hujibu kwa namba 206, yaani inaleta sehemu tu ya faili. Iliyoandikwa ovyo haikumbuki ilipofika, inaomba yote upya, na mtumiaji anaona asilimia ikirudi sifuri. Bando lililokwisha kuliwa halirudi.

Sababu nyingine ya kurudi sifuri ni viungo vya muda. Seva nyingi za video hutoa kiungo kinachoishi saa chache. Mtu anasitisha jioni, anaendelea alfajiri, kumbe kiungo kimekufa. Seva inajibu 403, yaani imekataa, na programu inatangaza kwamba imeshindikana. Dawa iko kwa mtengenezaji: programu iombe kiungo kipya kimyakimya, ilinganishe alama ya ETag kuhakikisha faili ni lilelile, kisha iendelee palipoishia. Mtumiaji hapaswi kujua kwamba kitu kilitokea.

Namna ya pili ni kuikata video vipande vya sekunde chache, mara nyingi kati ya 2 na 10, na kuvileta kimoja kimoja. Mtandao ukikata unapoteza kipande kimoja tu, kilobaiti mia kadhaa hadi megabaiti chache. Huduma kubwa za video zimejengwa juu ya vipande, na ndiyo maana hazirudi sifuri kwa urahisi. Lakini vipande navyo vina adha yake. Picha na sauti mara nyingi huja mbalimbali, na programu inayoviunganisha kuwa faili moja inahitaji nafasi karibu maradufu kwa dakika chache za mwisho. Upakuaji unaofia asilimia 99 kwenye simu iliyojaa mara nyingi umekufa kwa sababu hii. Filamu ya GB 1 inataka GB 2 wazi. Programu nzuri huhesabu nafasi hiyo kabla ya kuanza na kukukatalia mapema, kuliko kukuachia uchome bando lote kisha ikwame mlangoni.

Kuna kasoro nyingine ya MP4 inayowasumbua watu bila kujua jina lake. Ndani ya faili kuna faharasa iitwayo moov, inayoiambia simu kila sekunde ya picha iko wapi. Ikiwa imewekwa mwishoni mwa faili, video iliyoshuka nusu haifunguki kwa kicheza video cha kawaida, hata kama nusu hiyo ni nzima. Anayetengeneza video za mafunzo za kusambaza, akitumia ffmpeg (programu ya kuchakata video kwa amri za maandishi), aongeze maneno haya kwenye amri yake: -movflags +faststart. Faharasa inahamia mwanzoni, na mpokeaji anaanza kutazama mapema. Picha haibadiliki hata chembe.

Telegram tunaiweka hapa kwa sababu walimu, vyuo na vikundi vya dini huitumia kama ghala la video. Faili moja linaruhusiwa kufika GB 2, na GB 4 kwa anayelipia. Uzito umeandikwa juu ya video kabla hujaigusa, kitu ambacho wenzake wawili wangepaswa kukiiga kesho asubuhi. Tangu Machi 2022 kuna msimamizi wa vipakuliwa: wakati kitu kinashuka, alama yake hutokea kwenye sehemu ya kutafuta, ukiigusa unaona foleni yote, unasitisha kimoja au vyote, na unasogeza juu unachokihitaji kwanza. Hakuna nyingine kati ya tatu hizi inayompa mtumiaji mamlaka ya namna hii juu ya foleni.

Upakuaji wa kujiendesha nao unapangika vizuri. Ingia mipangilio, kisha data na hifadhi. Utaona sehemu tatu: ukiwa kwenye data ya simu, kwenye Wi-Fi, na nje ya nchi. Kwenye data ya simu zima video kabisa. Kwenye Wi-Fi weka ukomo wa uzito, MB 15 zinatosha kwa vipande vifupi.

Balaa ni hifadhi. Video uliyopakua haikai kwenye matunzio ya simu, inakaa ndani ya akiba ya Telegram yenyewe. Ukigusa hifadhi kwenye matunzio, inanakiliwa. Video ya MB 700 sasa inakula GB 1.4, na hakuna onyo lolote. Simu inajaa, mtu anafuta picha za familia, kumbe GB kumi zimelala kwenye akiba. Fungua mipangilio, data na hifadhi, kisha matumizi ya hifadhi. Panga muda wa kutunza vitu: kwa chaneli weka muda mfupi kama wiki moja, kwa mazungumzo ya watu binafsi unaweza kuacha muda mrefu. Kumbuka kwamba kinachofutwa hapo bado kipo kwenye seva, ila kukirudisha ni bando jingine. Kinachofaa kutunzwa kinakili kwanza kwenye memori kadi. Na kama kadi imefomatiwa kwa FAT32, haitapokea faili linalofika GB 4. Ifomati kwa exFAT baada ya kuhamisha vilivyomo.

Si kila upakuaji unaokufa ni kosa la programu. Simu nyingi zinazouzwa huku kwetu zina mfumo mkali wa kulinda betri unaoua kazi zinazoendelea kioo kikiwa kimezimwa. Nenda kwenye mipangilio ya simu, programu, chagua programu husika, kisha betri, na uiruhusu kutumia betri bila vikwazo. Kwenye baadhi ya simu kuna pia orodha ya programu zinazoruhusiwa kujiwasha, iweke humo. Tangu Android 13 ya mwaka 2022 programu lazima ipewe ruhusa ya arifa. Ukikataa, hutaona maendeleo ya upakuaji ukishusha pazia la juu, na utadhani haufanyiki. Android 15 imeongeza ukomo wa saa 6 kwa siku kwa aina moja ya kazi za nyuma ambayo watengenezaji wengi waliitumia kupakulia. Kwa mtandao wa polepole na faili kubwa, saa 6 zinaisha. Mtengenezaji anatakiwa kutumia njia ya upakuaji ulioanzishwa na mtumiaji, iliyokuja na Android 14.

Kwa iPhone tatizo ni la mkono. Mtu ana mazoea ya kuzisukuma programu zote juu ili "kuzifunga". Ukifanya hivyo, mfumo unakatisha upakuaji wa nyuma wa programu hiyo. Bonyeza kurudi mwanzo, iache ilipo.

Kuna jambo tungependa lirudi: mwaka 2016 YouTube iliwapa watumiaji wa baadhi ya mitandao ya India uwezo wa kupanga video zishuke usiku, saa ambazo data ni rahisi. Huku ambako mabando ya usiku yanauzwa waziwazi, kitufe cha namna hiyo kingemwokoa mtu kuamka saa nane kubonyeza pakua.

Mwisho ni hotspoti. Swichi ya "Wi-Fi pekee" haimlindi mtu anayeunganisha simu moja na nyingine, kwa sababu kwa programu nyingi hotspoti ni Wi-Fi kama Wi-Fi yoyote. Simu ya mtoto inaunganishwa na ya mama kwa dakika kumi za kazi ya shule, foleni ya vipakuliwa inaamka, na bando la mama linakwisha. Android hujaribu kutambua hotspoti ya Android nyingine kuwa ni mtandao wa kulipia, lakini programu isiyouliza swali hilo inapita tu. Gusa na ushikilie jina la mtandao huo kwenye orodha ya Wi-Fi, fungua maelezo yake, na uweke kwamba ni mtandao unaopimwa. Kwenye iPhone gusa alama ya maelezo pembeni ya jina la mtandao na uwashe hali ya kutumia data kidogo. Fanya hivyo kwenye simu inayopokea, si inayogawa, na ufanye kabla ya kuwasha upakuaji wowote wa kujiendesha.